Ngoma Niliyoiosha kwa Mvuke

Mwezi uliopita nilistaafu. Bosi alinunua keki, akaikata mwenyewe, kipande kikubwa akala mwenyewe, halafu akaniambia, "Kabla hujaondoka, waachie vijana kitu cha kusoma." Nikamwambia mimi shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili nilikaa karibu na dirisha, kwa hiyo nusu ya masomo ilitokea hukohuko nje. Akasema ongea tu, mtu ataandika. Basi naongea. Anayeandika ni binti yangu Riziki, hapa jikoni kwetu Bankstown. Mimi nasema Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, kompyuta iko katikati inatusikiliza wote. Mkiona mahali nimetia chumvi, jueni yeye kashaipunguza. Mwanzo lilikuwa gunia.

Vyeo na mishahara siwaambii. Cheo nilipata kimoja, kukabidhiwa funguo ya choo cha ofisini. Mshahara mnaujua, ni huohuo wenu. Nitawaambia kazi.

Kazi yetu wengine hawaijui hata waliokaa Sydney miaka thelathini. Mtu akikuuliza unafanya nini, ukimwambia naosha viatu vya mataifa, anadhani umekunywa. Lakini ndiyo hiyo. Timu ya mpira ikija kucheza, kikundi cha ngoma kikija kuonyesha, kwaya, wacheza sarakasi, wapiga mishale, wote wanatua hapa na mizigo yao. Na nchi hii, ndugu zangu, inaogopa udongo kuliko inavyoogopa bunduki. Kiatu chenye tope, ngoma yenye ngozi, kofia ya manyoya, kayamba yenye mbegu ndani, watu wa karantini wanaikamata. Kisha inaletwa kwenye stoo yetu, karibu na uwanja wa ndege, isafishwe mpaka inspekta aridhike. Asiporidhika kuna njia mbili: kitu kirudi kwao, au kiende kuchomwa. Hapo katikati, kati ya kurudi na kuchomwa, ndipo nilipokaa miaka kumi na saba.

Siku ya kwanza nilifika na suti. Msicheke. Mimi nimetoka Uvira, nikapita kambini miaka tisa, nikaambiwa nimepata kazi inayohusu mabalozi na mataifa. Ungevaa nini? Mke wangu alinikopea tai kwa mchungaji. Nafika, nakutana na mama mmoja wa Kitonga, wa visiwa vya Pasifiki, mkubwa, amekaa kwenye kindoo kilichopinduliwa, na kile kindoo kinamwogopa. Huyo ndiye Mama Sela, aliyenifundisha kila kitu. Akanitazama kuanzia tai mpaka kiatu.

"Umekuja kuoa?"

"Nimekuja kazini, mama."

"Vizuri. Bwana harusi, shika mswaki."

Akanimwagia mbele yangu njumu za timu nzima ya raga. Jozi thelathini na mbili. Kiatu kimoja kilikuwa na udongo wa kutosha kupanda mihogo ya familia. Mswaki, kijiti cha mishikaki, kibano, tochi ya kichwani. Hivyo ndivyo vifaa, na mpaka leo sijaona bora zaidi, hata hiyo mashine ya mvuke mnayoipenda, ambayo nitaisema mbele kwa aibu yangu. Kijiti unachokonolea kwenye tundu la njumu. Mswaki unafuata mshono. Kibano ni cha mbegu za majani, zile ndogo zinazojificha kwenye utepe wa kubandika. Tochi ni ya kukuonyesha kwamba ulidhani umemaliza.

Jioni tai yangu ilikuwa na rangi ya nchi tatu.

Mama Sela alikuwa na sheria nyingi, nyingine za ajabu. Usile ndizi karibu na meza. Usimwulize mchezaji matokeo. Ila moja alikuwa anairudia kila asubuhi: "Raba na plastiki, maji. Kilichowahi kupumua, usikipe maji." Maana yake ngozi, manyoya, pembe, hivyo vinasafishwa vikavu, kwa brashi laini, polepole. Nilimsikia mara elfu kumi. Riziki anasema hesabu haitoki. Sawa, mara nyingi.

Halafu mnajiuliza, sasa hawa watu wanakuja kufanya nini? Mimi nilidhani wanakuja kucheza. Aliyenifumbua macho ni dada Lucy, Mkenya wa Nairobi, yule mratibu wa wageni mwenye ofisi kule Parramatta. Siku moja kaja stoo kufuatilia filimbi za kikundi fulani, nikamwambia, "Dada, hela yote hii ya ndege, watu wapige filimbi nusu saa?"

Akacheka. "Mzee, filimbi ni kisingizio. Kazi ni chai."

"Chai gani?"

"Ile inayonywewa nyuma, baada ya shoo. Wakubwa wawili hawawezi kupigiana simu, sawa? Yule atasema huyu kaanza kubembeleza. Lakini wakija wote kutazama watoto wao wakicheza, halafu mtu akaweka chai hapo nyuma, si watakunywa tu? Hakuna aliyemwita mwenzake. Ni chai imewaita."

Tangu siku hiyo nikawa naosha kiatu kwa heshima. Nikijua tope nikiliacha, kiatu hakipiti. Kiatu kisipopita, mechi hakuna. Mechi ikikosekana, hakuna chai. Mabalozi wanavaa suti, sisi tunashika mswaki, lakini mnyororo ni mmoja.

Sio kila siku mambo yalikwenda vizuri. Kuna golikipa mmoja, kijana mrefu, akipunga mkono anagusa taa za uwanja. Alikuja na kimfuko cha udongo wa kwao, shangazi yake kampa, anamwaga kidogo golini kabla ya mechi. Udongo! Kwenye nchi hii! Ni sawa na kuingia kanisani na mbwa. Aliapa hafungwi hata siku moja akiwa nao. Inspekta akauchoma mbele yake. Mimi nilimshika bega, nikamwambia, "Kaka, udongo wa hapa pia ni udongo." Akanitazama kama nimemtukana mama. Kesho yake alifungwa magoli kumi na moja. Riziki ametafuta kwenye simu, anasema manne. Mimi nilikuwepo, na kumi na moja ndivyo nilivyoyahisi.

Sasa nije kwenye ile ngoma. Mlishasikia vipande vipande, kila mtu na uongo wake. Huu ni wangu.

Mama Sela alikuwa kashastaafu, kaniachia kile kindoo. Ilikuwa Januari, jua linapiga mpaka lami inanata. Walikuja vikundi viwili vya ngoma, kutoka nchi mbili jirani kule kwetu. Sizitaji majina, maana zote mbili nina ndugu huko na bado naomba viza. Nchi hizo zilikuwa zimenuniana miaka. Mpaka umefungwa, mabalozi hawasalimiani hata kwenye mazishi. Lucy na wenzake wakahangaika mpaka wakapata jambo moja: Jumamosi alasiri, ukumbini Parramatta, vikundi viwili vipige pamoja, ngoma kubwa ya huku na ngoma kubwa ya kule. Mabalozi wote wawili wakakubali kuja. Na nyuma, mnajua tena. Chai.

Ngoma ya nchi ya kwanza ilikuwa ya Papa Ferdinandi, mzee mkavu, msemaji wa maneno machache. Hiyo ngoma ilikuwa na umri mkubwa kuliko yeye. Ngozi ya ng'ombe, nywele bado ziko pembeni, imekaa kwenye gogo la ukubwa wa pipa. Watu wa karantini waliikamata Jumanne kwa sababu pembeni, kwenye nywele, kulikuwa na mavi makavu ya ng'ombe. Yalikuwa ya zamani sana, yalishastaafu kabla yangu. Lakini mavi ni mavi. Ikaletwa stoo na fomu: isafishwe, inspekta anakuja Jumatano saa mbili asubuhi.

Ferdinandi aliikabidhi kwangu kama mtu anayekabidhi mtoto kwa daktari.

"Wewe ni wa wapi?"

"Uvira, Papa."

"Mkongomani." Kwao na kwetu pia kuna maneno maneno, mnajua. "Haya. Itunze."

Jumatano asubuhi nimeingia saa kumi na mbili. Nina njumu arobaini za timu nyingine mezani, nina ile ngoma, nina saa mbili. Na nina mashine mpya ya mvuke ambayo bosi aliileta kwa sherehe kama vile imezaliwa. Nikachukua brashi kavu, nikasugua. Mavi hayatoki. Nikasugua tena. Hayanijui. Nikaangalia mashine, mashine ikaniangalia. Sauti ya Mama Sela ikaja, kilichowahi kupumua usikipe maji. Na mimi, kwa akili yangu ya dirishani, nikajijibu: lakini huyu ng'ombe alinyeshewa mvua maisha yake yote, mbona hakupasuka?

Nikawasha mvuke.

Yakatoka! Dakika tano, pembeni kote kunang'aa, unaweza kujitazama na kunyoa. Nikafurahi, nikaisogeza nje juani ikauke kabla ya inspekta. Nikarudi kwenye njumu. Nusu saa haijaisha nikasikia mlio. Sio mkubwa. Kama mtu kavunja biskuti. Natoka nje, ngozi imejikunja kwa joto, imekaza, imepasuka kutoka ukingo mpaka katikati. Ile ngoma ilikuwa imefungua mdomo inanicheka.

Inspekta alifika saa mbili kamili, dada mmoja kijana, mpole, ila sheria yake haina mto. Akaikagua ngoma. "Ni safi," akasema. Akatazama mpasuko. "Hilo halipo kwenye fomu yangu." Kisha akaandika: gogo limepita, ngozi iliyopasuka ikibanduliwa ni taka ya karantini, itiwe kwenye pipa la njano la kuchomwa, ahakikishe mwenyewe kabla kikundi hakijaondoka.

Ferdinandi alifika saa tatu na watu wake. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alizunguka ile ngoma mara moja, akaweka kidole kwenye mpasuko, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, Papa. Ni ujinga wangu. Nimetumia mvuke."

"Ujinga wa miaka mingapi kazini?"

"Kumi na minne."

"Mtu wa miaka kumi na minne anajua. Umetumwa. Ama na kwenu, ama na wale." Akaonyesha kwa kidevu upande wa pili wa stoo. Maana kule, mita kumi tu kutoka hapo, kikundi cha nchi ya pili walikuwa wamekuja kuchukua ngoma zao ambazo zilipita bila shida. Kiongozi wao, Sosteni, jamaa wa tumbo na kicheko, alikuwa anatutazama.

Lucy akaja mbio, viatu mkononi. Nikamweleza. Akakaa kwenye kile kindoo.

"Wakikosa ngoma yao, balozi wao haji," akasema. "Hawezi kuja kukaa pale awatazame wale wengine wakipiga peke yao. Na asipokuja yeye, chai basi. Na huyu mzee akirudi kwao, atakuwa yule mtu aliyeacha ngoma ikapasuliwa kwa watu. Baba Riziki, umefanya nini?"

Nilichokuwa nacho ni simu. Hapa Bankstown, kuna Mlebanoni anayetuuzia nyama ya mbuzi, ana mdogo wake anafuga mbuzi nje ya mji. Nikampigia. Nikamwambia nataka ngozi.

"Nyama kilo ngapi?"

"Sitaki nyama. Ngozi tu."

"Kaka, una shida nyumbani?"

Saa sita mchana ngozi ya mbuzi dume ilikuwa stoo, mbichi, ndani ya ndoo, inanuka mpaka ndege zinabadilisha njia. Mbuzi ni ngozi nyembamba, kwa jua lile ikiwambwa leo, Ijumaa imekauka. Nikadhani nimeshinda. Ndipo nikagundua hakuna wa kuiwamba. Fundi wao wa kuwamba alikuwepo kwenye orodha ya safari mpaka wiki ya mwisho, halafu nafasi yake kwenye ndege akapewa ofisa mmoja wa kubeba kamera. Ferdinandi ni mpigaji, sio fundi. Vijana wake nao ni wa kurukaruka tu. Stoo nzima mwenye kujua kuwamba ngoma ya namna ile alikuwa mtu mmoja. Sosteni.

Nikaenda kwake, nikamwita kwa heshima ya kwetu. "Shefu, saidia."

"Mwenye ngoma kaniomba?"

"Nakuomba mimi."

"Wewe ndiye mwenye ngoma? Wewe ni mpasuaji." Watu wake wakacheka. "Nikigusa ngoma ya watu bila kuombwa, kesho wataandika nimeiloga. Aniombe."

Nikarudi kwa Ferdinandi. "Papa, anasema umwombe."

"Mimi nimwombe yule? Waliofunga mpaka ni nani?"

Nikaenda. Nikarudi. Nikaenda. Zile mita kumi siku ile nilitembea kutoka hapa mpaka Melbourne. Nilibeba maneno mengine nikayadondosha njiani makusudi. Ferdinandi akisema "mwambie yule nguruwe," nafika namwambia, "Papa anakusalimia." Sosteni akisema "mwambie yule mfupa," nafika nasema, "Shefu anauliza afya yako." Sijasoma udiplomasia lakini nadhani ndio huo.

Ngozi ilikuwa imeanza kukakamaa kingo. Ferdinandi aliiona. Aliinama, akaibonyeza, akasimama. Akatazama ukutani, akasema, bila kunitazama:

"Mwambie ngozi inakauka."

Nikaenda kumwambia Sosteni, na safari hii sikubadilisha neno.

"Amesema tafadhali?"

"Amesema ngozi inakauka."

Sosteni akavua saa yake, akaitia mfukoni. "Ndiyo tafadhali yao hiyo. Bibi yangu alikuwa wa kule." Akaja.

Ndugu zangu, kuwamba ngoma ni kuvutana. Huyu anavuta ngozi huku, yule anavuta kule, ukilegeza upande mmoja ngozi inakwenda pembeni, ngoma inalia kikohozi. Ile ngozi ya zamani ikabanduliwa, Sosteni akapanga watu: mmoja wake, mmoja wa Ferdinandi, mmoja wake, mmoja wa Ferdinandi, kuzunguka. Nafasi moja ikabaki, akaniita, "Mpasuaji, vuta hapa." Nikavuta mpaka mgongo ukaongea. Kila ngozi ikikaza, anapigilia kigingi.

"Vuta, jirani! Kwenu hamli?" kijana mmoja wa Sosteni akamwambia wa Ferdinandi.

"Tunakula. Tunakosa chumvi tu, mmefunga njia."

"Chumvi? Mnasema chumvi, sisi samaki tunawaota."

Lucy alikuwa pembeni anasikia mazungumzo ya mpaka yanafanywa na watu wenye mikono ya mafuta ya mbuzi. Akatoa kalamu, akairudisha.

Kikabaki kigingi cha mwisho. Sosteni, kwa mazoea ya fundi, akakiweka, akapiga nyundo mara tatu, tayari. Kisha akaganda na nyundo juu. Ferdinandi naye akaganda. Mimi na Lucy tunatazamana, hatujui kafa nani.

Ferdinandi ndiye alinieleza. Kwao, na kumbe kwa wale pia, ngoma ikivikwa ngozi mpya, aliyepigilia kigingi cha mwisho ndiye anaipiga kwanza. Mbele ya watu. Kabla yake hakuna mkono unaogusa. Kigingi hicho Ferdinandi alitakiwa akipigilie mwenyewe. Sasa ngoma ya nchi ya kwanza, mbele ya balozi wa nchi ya kwanza, ilitakiwa kufunguliwa na mtu wa nchi ya pili.

"Hapana," Lucy akasema. "Wazee wangu, nawaheshimu, lakini programu imeshachapishwa. Imeandikwa Mzee Ferdinandi anaanza. Maofisa wa protokoli wa pande mbili wametia sahihi. Kigingi hicho king'olewe, akipigilie yeye."

"Kiking'olewa tundu linapanuka," Sosteni akasema. "Ngoma imekwisha."

Wote wakamtazama Ferdinandi. Angeweza kukataa. Angeweza kusema huku ni ugenini, mila imebaki nyumbani, nani ataona. Alikaa chini pembeni ya ile ngoma, mkono umekaribia ngozi lakini hauigusi.

"Ngoma haisomi programu," akasema.

Siku mbili ngoma ilikaa juani uani kwetu. Niliilinda mwenyewe. Nzi akitua namwuliza kitambulisho.

Jumamosi alasiri nilisimama pembeni ya jukwaa, mtu wa kubeba. Ukumbi umejaa, Wakongomani, Wakenya, Warundi, Wazungu, watoto wanakula chipsi. Mstari wa mbele mabalozi wawili, kati yao kiti kimoja kitupu ambacho Lucy alikiweka ili wasigusane viwiko. Mshereheshaji akasoma kama ilivyoandikwa, "Anafungua Mzee Ferdinandi." Ferdinandi akapanda. Akasimama kando ya ngoma yake, mikono nyuma. Halafu akageuka upande wa wale, akaita kwa sauti:

"Sosteni! Njoo upige. Uliiwamba wewe."

Sosteni akavuka jukwaa. Nilimtazama balozi wa nchi ya kwanza. Alikaza shingo, akaanza kuinuka. Sosteni akainua fimbo, akapiga mara moja. Ile ngozi ya mbuzi wa Mlebanoni ikalia, nasema ikalia mpaka hospitali ya Westmead wagonjwa wakakaa kitandani. Balozi akabaki nusu amesimama, nusu amekaa. Akatazama ngozi, nyeupe, mpya. Akatazama kigingi. Huyu mtu alikuwa kazaliwa kule kabla ya kuvaa suti, akaelewa. Akakaa. Kisha nikaona anainama juu ya kile kiti kitupu, anamwambia mwenzake kitu.

Ferdinandi akampokea Sosteni fimbo, wakaendelea, huku na kule, saa nzima. Mimi sijui muziki. Nilikuwa natazama vigingi.

Chai ilinywewa. Lucy aliniambia baadaye robo saa ya kwanza waliongea ngozi tu: ngoma ile ilipasuka vipi, ya mbuzi inadumu muda gani, babu ya nani aliwamba kwa ya ng'ombe. Baada ya hapo walifunga mlango na yeye hakusikia. Mpaka ulifunguliwa? Kuna siku unafunguliwa, kuna siku unafungwa, kama mipaka yote. Sitawaambia ni mimi niliufungua, ingawa kanisani nimeshasema mara mbili.

Jumatatu walikuwa wanapakia. Inspekta kaja na fomu yake, kila kitu kimetiwa alama isipokuwa mstari mmoja: ngozi ya zamani, pipa la njano. Ilikuwa haionekani tangu ibanduliwe Jumatano. Nilishatafuta mpaka ndani ya mashine ya kahawa.

"Iko wapi?" inspekta akauliza.

"Itaonekana," nikasema, na mimi mwenyewe sijui.

Ferdinandi akanivuta nyuma ya kontena. Akafungua begi, akatoa shati, ndani ya shati ile ngozi, imekunjwa vizuri, ndogo, na nywele zake pembeni. Alikuwa kaificha siku zote.

"Hii baba yangu kaipiga," akasema. "Nilitaka kurudi nayo. Lakini wewe na ujinga wako mmenipa kitu kingine cha kurudi nacho. Chukua. Weka nyumbani kwako, ukumbuke."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa nyepesi. Mfuko wangu wa koti la kazi ni mkubwa, mnaujua, unaingia kuku mzima. Inspekta yuko upande wa pili, hajui. Na katika miaka yote ile hakuna balozi, hakuna mchezaji, hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu cha maana hivyo.

Nikatoka nayo nyuma ya kontena, nikaenda moja kwa moja kwenye pipa la njano, nikainua kifuniko, nikaitia. Inspekta akaweka alama. Nikatia sahihi, herufi zangu mbili ninazoziweza.

Nilipogeuka Ferdinandi alikuwa amesimama palepale. Nikangoja anitukane. Akatazama pipa, akanitazama mimi, ndipo kwa mara ya kwanza wiki nzima nikaona meno yake.

"Sasa naamini," akasema. "Mtu aliyetumwa angeitia mfukoni, awaonyeshe waliomtuma." Akamgeukia Sosteni, aliyekuwa kabeba upande mmoja wa ile ngoma kwenda garini. "Ni mjinga kweli, huyu. Hakutumwa na mtu."

Basi, vijana, ngozi brashi kavu. Ile laini, iko droo ya pili, mpini umefungwa tepu nyekundu. Ilikuwa ya Mama Sela.